Bendera Nusu Mlingoti

Wiki iliyopita tulimwacha Preben Kjeldgaard juu ya ugo wa miti. Tumbo limelalia majani, miguu inapiga hewa upande wa kwake, macho yametoka upande wa jirani.

Alichokiona kule chini tulikificha. Leo hatufichi.

Aliona tuta la figili. Katikati ya figili aliona makasi yake mwenyewe, yale makubwa ya kukatia ugo, yamejichoma ardhini yakasimama wima. Mbele kidogo, chini ya mlingoti, kofia ya jirani yake, Nihad Kapić, ilikuwa imelala kwenye nyasi. Na kofia ilikuwa na damu.

Nihad hakuwepo.

Preben akainua macho polepole, maana moyo ulikwishamwambia. Mlingoti wa Nihad ulikuwa na bendera, nyekundu na msalaba wake mweupe, na bendera ilikuwa imesimama nusu.

Pale Solglimt, kwenye bustani za chama nje ya mji wa Odense, nchi ya Wadenishi, ambako kila mwanachama ana kipande chake na kibanda chake, bendera haina maneno mengi. Ikiwa juu kabisa, kuna sherehe. Ikiwa nusu, kuna maiti.

Wewe ambaye gazeti la wiki jana lilikufikia likiwa limefungia maandazi, shika hili twende. Ugo kati ya bustani hizi mbili lazima ukatwe kabla ya mkesha wa Mtakatifu Yohana. Ndiyo kanuni, na Preben anapenda kanuni kuliko chakula. Nihad, aliyehamia hapa kutoka nchi nyingine, aliomba wiki moja zaidi kwa sababu ndege walitaga ndani ya ugo na makinda hayajaota manyoya. Neno likazaa neno. Preben, ambaye hasira zake hufika kabla ya akili zake, akanguruma, "Rudi kwenu!", akarusha makasi ng'ambo, akaingia kibandani kwake, akabamiza mlango hadi vioo vikalia. Alikaa humo mpaka akapoa. Alipotoka kwenda kudai makasi, ndipo akayaona hayo.

Akateleza. Akarudi chini upande wake kwa makalio.

"Lisbet!" alipiga kelele, akakimbilia kibandani. "Lisbet, nimeua mtu!"

Mkewe alikuwa anapaka keki ya stroberi krimu. Hakugeuka.

"Vua viatu. Nimepiga deki."

"Nimemuua Nihad!"

"Hata kama. Vua viatu."

Preben akavua viatu. Huyu ni mtu aliyewahi kugombana na mkuu wa wilaya, na posta, na mbwa wa mkuu wa wilaya, lakini mkewe akisema vua, anavua.

"Bendera yake iko nusu," alisema, sauti imemkauka. "Wameishusha. Nilimrushia makasi, Lisbet. Sikulenga. Naapa sikulenga."

Lisbet alichungulia dirishani. Akaitazama bendera kwa muda. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Basi amekufa," alisema kwa upole. "Maskini. Keki hii itabidi niipeleke kwa mkewe, Senada."

Na hapo hapo, nje, mwanamke akapiga yowe.

Alikuwa Bodil, jirani wa bustani ya pili, mwanamke mwenye mapafu ya mpiga tarumbeta. Naye alikuwa ameiona bendera. Kabla Preben hajapata viatu vyake, Ole Bundgaard, mwenyekiti wa chama, alikuwa ameshafika kwenye ugo na fimbo yake ya kupimia urefu wa ugo wa watu.

"Nani?" aliuliza Ole.

"Nihad," alisema Bodil. "Na asubuhi hii nimemsikia anaimba!"

Ole akavua kofia. Akaiweka kifuani. Alikaa hivyo kwa heshima zote, kisha akaivaa tena na kukimbia kwenda kushusha bendera ya chama, kwa sababu mambo ya namna hiyo hayangoji. Aliyemwona Ole akishusha, naye akashusha yake. Jirani akamwona jirani. Muda si mrefu Solglimt yote ilikuwa nusu mlingoti, watu wamesimama kwenye malango ya bustani zao kimya, na mzee mmoja mwisho wa njia alikuwa anashusha yake huku akiuliza ni nani aliyekufa.

Preben alitoka. Watu wote wakamtazama.

"Preben," alisema Ole, "makasi yale ni ya nani?"

"Yangu."

"Yamefikaje kwenye figili za marehemu?"

"Niliyarusha."

"Ukamlenga?"

"Nilirusha tu, Ole! Kuna kurusha na kuna kulenga! Hujawahi kurusha kitu wewe, kichwa cha samaki heringi?"

"Na kabla ya kurusha," alisema Bodil, "ulisema neno. Usikatae. Mimi nilikuwa kwenye viazi vyangu nikalisikia. Hata viazi vililisikia."

Neno lenyewe lilikuwa bado linamwasha Preben kwenye ulimi. Rudi kwenu. Lilitoka wapi? Hakulipanga. Lilikuwa limekaa mahali fulani ndani yake, na siku ya hasira likapata mlango.

Bodil alikuwa ameshapiga simu polisi.

Aliyekuja alikuwa Astrid Lauesen, mwanamke mrefu, mwenye macho ya mtu asiye na haraka. Alitazama makasi. Alitazama kofia. Alitazama bendera zote zile zilizoinama. Akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Maiti iko wapi?"

Watu wakatazamana.

"Wameshamwondoa," alisema Ole. "Wale huzika haraka."

"Wale akina nani?"

Ole akakohoa. Alikagua fimbo yake kana kwamba imepinda.

"Familia," alisema.

"Kuna aliyeiona familia?"

Hakuna. Kibanda cha Nihad kilikuwa kimefungwa, simu ya Senada haipokelewi. Kilichojulikana ni kwamba gari lao liliondoka kwa kasi. Astrid akaagiza hospitali ziulizwe, kisha akavuta kiti cha bustanini, akaketi mbele ya Preben.

"Wewe ndiye Preben."

"Ndimi."

"Umemwambia arudi kwao?"

"Nilikuwa na hasira."

"Sijauliza ulikuwa na nini. Nimeuliza kama ulisema."

"Nilisema."

"Sikiliza, Preben. Mtu akimuumiza jirani kwa ajili ya ugo, hilo ni kosa. Akimuumiza kwa sababu jirani ametoka nchi nyingine, hilo ni kosa lenye kosa juu yake, na hakimu huliongezea miaka. Mimi kazi yangu ni kujua nini kilikuwa kichwani mwako."

"Kichwani mwangu hamna kitu!" alifoka Preben.

"Hilo ni kweli," alisema Bodil.

Sasa, msomaji, hapa ndipo Solglimt ilipoonyesha inavyompenda mtu wake. Watu hawa ambao Preben amewatukana mmoja mmoja na kwa mafungu walimzunguka askari ili kumtetea.

"Dada askari," alisema Ole, "Preben hana ubaguzi. Anamchukia kila mtu. Mimi mwaka jana aliniita kichwa cha heringi. Leo ameniita tena, umechelewa dakika chache tu kusikia."

"Mimi aliniita kuku aliyenyeshewa," alisema Bodil. "Mbele ya wageni wangu! Wageni wangu nao akawaita vifaranga."

"Alimwagia maji mchungaji!" sauti ikatoka nyuma.

"Alikuwa amekanyaga vitunguu vyangu!" Preben alijibu.

"Unaona?" alisema Ole kwa fahari. "Debe tupu. Linavuma mchana kutwa, lakini ukilifungua hukuti hata punje ya chuki."

Preben alihisi machozi yanamlengalenga. Hakuwahi kujua kama ana marafiki wengi kiasi kile. Akataka kuwashukuru, lakini kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kushukuru, akamwambia Ole atoe fimbo yake kwenye maua ya watu.

Astrid alisubiri kelele ziishe.

"Ole," alisema. "Amekuita kichwa cha heringi. Amewahi kukuambia urudi kwenu?"

"Mimi?" Ole alicheka. "Nirudi wapi? Mimi nimezaliwa hapa Odense."

"Bodil?"

"Kwetu ni pale ng'ambo ya barabara."

"Mchungaji?"

Kicheko cha Ole kilikuwa bado kiko usoni, ila kilikuwa kimekosa pa kwenda. Preben alitazama soksi zake. Viatu alikuwa amevisahau.

"Ndiyo maana nauliza," alisema Astrid.

Na hapo likasikika gari.

Liliingia kwa njia ya changarawe polepole, likasimama kwenye lango la Kapić. Mlango wa dereva ukafunguka, akatoka Senada, amebeba mfuko wa dawa. Mlango wa pili ukafunguka.

Akatoka Nihad.

Alikuwa na bendeji kichwani kubwa kama mtungi, suti yake ya sherehe, na viatu vilivyong'arishwa. Alisimama. Akatazama bendera ya Ole. Akatazama ya Bodil. Akaangaza njia nzima, bendera baada ya bendera, zote nusu. Akapeleka mkono kichwani kuvua kofia, akakuta hana kofia, akauweka mkono kifuani.

"Jamani," alisema kwa sauti ya msiba. "Nani amekufa?"

Bodil alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ole? Si yule mzee wa mwisho wa njia? Juzi tu nimempelekea pilipili."

"Siye," alisema Ole.

"Basi nani?"

Ole akageuza fimbo yake mara mbili.

"Wewe," alisema.

Nihad akageuka kumtazama mkewe, kama anayetaka kuthibitisha.

"Mimi sijasikia," alisema Senada.

Nihad akatazama sasa mlingoti wake mwenyewe, na rangi ikampanda usoni.

"Nani ameishusha bendera yangu? Leo? Mjukuu wangu Emina leo amevaa kofia nyeupe, amemaliza shule, wa kwanza katika ukoo mzima, lori la wahitimu linakuja hapa na vijana wanaimba, na nyinyi mmeweka nusu?"

"Ilikuwa nusu tayari!" alilia Bodil. "Tumeikuta hivyo! Sisi tumekufuata wewe!"

Nihad alikwenda mlingotini mbio, bendeji inamyumba. Akaikuta kamba. Ilikuwa imejifunga fundo, fundo likang'ang'ania kwenye ndoano yake.

"Nilikuwa naipandisha," alisema taratibu. "Nikapigwa. Nikaiachia kamba. Imeshuka ikanasa hapo." Akageuka kwa hofu ya kweli. "Iligusa ardhi?"

"Haikugusa," alisema Ole.

"Afadhali," alisema Nihad, akaketi kwenye nyasi.

Kwa hiyo, msomaji, chama kizima cha Wadenishi walioenda shule kilikuwa kimemwombolezea mtu kwa sababu ya fundo. Hakuna aliyethubutu kucheka kabla ya Nihad. Nihad akaanza, mabega yakatikisika, akashika kichwa kwa maumivu na bado akacheka, na Solglimt yote ikalipuka.

Preben hakucheka. Preben alipita katikati ya ugo, si juu yake wala kwenye lango, katikati, akatokea upande wa pili na majani kwenye nywele. Alimnyanyua Nihad kwenye nyasi akamkumbatia hadi Senada akapiga kelele za kumwonya kuhusu nyuzi za daktari.

"Uko hai!" alisema, akalia waziwazi mbele za watu. "Kwa nini hukusema unakwenda hospitali, mpumbavu wewe! Nimekuzika tangu saa ya chakula!"

"Niliona giza, Preben. Sikupata nafasi ya kuaga."

Basi ikawa ni kahawa. Kwa Wadenishi, aliyefufuka na aliyefariki wote hunyweshewa kahawa. Meza zikaunganishwa kwenye nyasi za Nihad, bendera zote zikapandishwa juu moja baada ya nyingine, Ole akisimamia ili pasiwe na itakayokwenda mrama. Lisbet akaja na keki ya stroberi ambayo muda mfupi uliopita ilikuwa ya msiba, akamkatia kila mtu kipande, na Bodil akasema keki kama ile huoki kwa ajili ya mtu usiyempenda.

Astrid alikubali kikombe, lakini hakusahau kazi.

"Nihad," alisema. "Bado nina swali. Ukitaka kumshtaki jirani yako, sema. Yale maneno yamesikiwa na watu."

Preben akaweka uma chini. Hili ndilo alilokuwa akiliogopa kuliko pingu: kwamba Nihad atamtazama usoni mbele ya watu wote na kumwita mbaguzi, na kwamba atakuwa hajakosea.

"Ameniambia mengi mimi," alisema Nihad. "Ameniita chura. Ameniita bata. Siku nilipomkumbusha kwamba bendera hushushwa kabla jua halijazama aliniita mama mkwe. Nilifurahi. Nilimwambia Senada, sasa tumekuwa wenyeji, Preben anatutukana kama watu wengine." Alikunywa kahawa kidogo. "Ole akiitwa kichwa cha heringi, anakwenda nyumbani na kichwa chake. Mimi nyumba yetu kule iliungua vitani na mama yangu ndani. Ukiniambia nirudi kwetu, Preben, unanituma wapi?"

Preben alisukuma sahani yake kwa aibu. Alitamani mtu amrushie yeye makasi.

"Sijui lilikotoka, Nihad," alisema mwishowe. "Ningekuwa najua ningekwenda kulichimba."

"Lichimbe," alisema Nihad. "Nitakusaidia jembe. Na wiki moja kwa ndege wangu."

"Wiki mbili," alisema Preben.

Ole akafungua mdomo kuhusu kanuni. Bodil akamkanyaga mguu.

Nihad akamgeukia Astrid. "Simshtaki. Nitamshtaki kwa nini? Makasi yalianguka kwenye figili. Nimepoteza figili nne."

"Umepoteza damu," alisema Astrid. "Umeshonwa."

"Siyo yeye aliyenipiga."

Hata nyuki kwenye keki walionekana kusikiliza.

"Makasi yalipoanguka, nilicheka," alisema Nihad. "Ndipo nikausikia mlango wa Preben unabamizwa. Paa! Mlango huo naujua kuliko kengele ya kanisa. Nikamgeuzia mgongo, nikashika kamba, nikaanza kupandisha. Halafu nikapigwa kutoka nyuma." Akagusa kisogo. "Preben wakati huo alikuwa ndani. Ni mtu mwingine. Alikuja kimya."

"Ulimwona?"

Nihad akakoroga kahawa yake, ingawa haikuwa na sukari.

"Niliona nyasi," alisema.

Preben alikuwa akitabasamu. Hakuweza kujizuia. Si muuaji, si mpigaji, na Nihad amempa jembe. Dunia ilikuwa imemrudishia kila kitu mchana mmoja. Angeimba, kama angekuwa na wimbo.

"Preben," Lisbet alimwita kwa sauti yake ile ya taratibu. "Njoo unisaidie vikombe."

Alimfuata kibandani mbiombio kama kijana. Lisbet akafunga mlango bila kuubamiza. Akampangusa makombo ya keki kwenye ndevu.

"Yule askari usimtajie reki," alisema.

"Reki gani?"

"Nimeshaiosha."

Preben alicheka. Alidhani ni mzaha ambao hajauelewa. Lisbet alikuwa anapanga vikombe kwenye sinia, masikio yote ya vikombe yakielekea upande mmoja.

"Unasema nini wewe mwanamke?"

"Ulipoingia ndani nilikuwa kwenye stroberi. Nikamwona anacheka. Umemwambia aende kwao, naye anacheka, anatugeuzia mgongo, anashika kamba, anapandisha bendera yetu. Bendera yetu, Preben. Na kila sherehe ni yeye anayetufundisha namna ya kuipandisha. Nikapita langoni."

"Ukampiga."

"Mara moja."

Sauti haikupanda. Ni sauti hiyo hiyo anayoulizia sukari. Preben alihisi sakafu iliyopigwa deki inamteleza miguuni.

"Lakini wewe ndiye uliyempelekea supu alipougua! Wewe ndiye uliyemfundisha Senada kupika jamu!"

"Kwani supu ndiyo mapenzi? Wewe miaka yote hii unapiga kelele, unatoa yaliyo yako, unalala usingizi. Mimi nimenyamaza." Akamtengenezea kola ya shati, kama afanyavyo siku zote kabla hawajatoka mbele za watu. "Na usinitazame hivyo. Wewe ndiye uliyelisema. Mimi nilifikiri hatimaye tumekubaliana."

Akachukua sinia, akatoka juani.

Preben alibaki amesimama. Kelele zake zote za maisha, mlango, makasi, kuku aliyenyeshewa, zote zilikuwa zimepotea. Alimpenda mwanamke huyu. Alikuwa bado anampenda hata sasa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alimchukulia kuwa ndiye maji, yeye akiwa moto. Na neno lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyelitupa juu ya ugo, likamkuta mtu aliyekuwa analisubiri.

Alipotoka, Astrid alikuwa amesimama.

"Preben, swali la mwisho. Ulipokuwa ndani, nani mwingine alikuwa bustanini kwako?"

Mbali kidogo, barabarani, lori la wahitimu lilikuwa linakuja, vijana wanaimba, honi inalia, na sauti ya Emina juu ya zote. Senada alisimama akipunga kitambaa. Lisbet alikuwa anapita mezani na birika la kahawa, akimuuliza kila mtu kama anaongeza.

"Hakuna," alisema Preben.

"Una hakika?"

"Nilikuwa peke yangu. Mlango niliubamiza nikiwa nje. Nikarudi nikampiga."

Uma wa Bodil ukaanguka.

"Muongo!" alisema Nihad, akainuka. "Preben, acha upuuzi! Ulikuwa ndani!"

"Kwa nini ulimpiga?" aliuliza Astrid.

Preben alitafuta sababu nyingine. Ugo. Ndege. Bendera. Zote zilikuwa ndogo, na Astrid asingeziamini.

"Kwa chuki," alisema. "Nilisema arudi kwao, hakurudi. Andika hivyo."

Ole alivua kofia yake kwa mara ya pili siku hiyo. Astrid akafungua mfuko wa pingu kiunoni, huku macho yake yakitoka kwa Preben yakienda kwa Nihad, yakirudi tena.

Lisbet alikuwa amefika kwenye kiti cha Nihad. Akainamisha birika kwa upole wake wa siku zote.

"Nikuongezee, jirani?"

Nihad aliutazama ule mkono ulioshika birika, mkono uleule aliouona umeshika reki alipokuwa anaanguka, akafunika mdomo wa kikombe chake kwa kiganja. Na Astrid, pingu ziko mkononi, akaona.